Mtaalamu wa Mdomo: Wiki Kiwanda Kizima Kilipolia

Simu ililia.

Wala haikulia kistaarabu kama simu nyingine za maofisini. Ililia kwa sauti ya mwenyewe, aliyoirekodi enzi zake za kushereheshea harusi: "Mabibi na mabwanaaa! Naomba utulivu ukumbini!"

Ukumbi wenyewe ulikuwa ofisi ya Mkurugenzi, na mwenye sauti alikuwa chini ya meza.

Kuna msomaji ameniandikia kulalamika kwamba mtu mwenye kitambi kile hawezi kuenea chini ya meza ya ofisi. Amesema kweli, nilipitiwa. Aliingia nusu akanasa, na ile nusu iliyobaki nje ndiyo aliyokuwa akiitazama Mkurugenzi.

"Toka," alisema mama huyo, ambaye kiwanda kizima kinamwita Bosi.

"Siwezi, Bosi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimenasa, Bosi. Nilikuwa natafuta waya wa printa."

"Printa iko kule dirishani."

Simu ikalia tena, ikaomba utulivu kwa mara nyingine.

"Pokea hiyo simu kabla sijaitupa nje," Bosi akasema.

Akapokea. Alikuwa mkewe.

"Baba watoto, mama ameshafika. Ameweka mkoba chini tu, swali la kwanza: ile barua ya kuthibitishwa kazini iko wapi? Nimemwambia leo unarudi nayo."

"Niko kikaoni, mama watoto."

"Mbona sauti yako kama uko ndani ya debe?"

"Ni kikao cha ngazi ya chini," akajibu, akakata.

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitu sokoni kabla hawajalisoma, nitawafupishia. Bwana huyu, aliyebandikwa jina la Mtaalamu na wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro, alikuwa mshereheshaji. Harusi zikaadimika, vijana wenye spika kubwa wakamzidi kete, akabaki anashika kipaza sauti kwenye vikao vya ukoo. Mama mkwe wake hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Msemaji, na hakuwa akimsifu.

Ndipo likatoka tangazo: kiwanda kinatafuta mtu wa kusimamia mfumo mpya wa kompyuta na kuwafundisha wafanyakazi. Bwana wetu akaandika kwamba anaimudu mifumo yote, iliyopo na itakayokuja. Alipoisoma barua yake mwenyewe alitamani kumwajiri huyo mtu.

Siku ya usaili, umeme ukakatika. Mtihani wa kompyuta ukafutwa, kila mmoja akaambiwa ajieleze kwa mdomo. Alikuwepo dada mmoja aliyeufanyia kazi mfumo huohuo kwa miaka kiwanda kingine. Alipoulizwa anajua nini, alisema, "Ningewaonyesha," akanyamaza. Bwana wetu aliongea mpaka umeme ukarudi na hakuna aliyegundua. Kazi akapewa yeye.

Huyo ndiye aliyekuwa chini ya meza: alikuja kuchungulia barua yake, akajificha aliposikia Bosi anaingia, na muda mfupi tu kabla simu haijalia alikuwa amemsikia Bosi akisema peke yake: "Anayehusika na mfumo huu, leo namwondoa."

Akavutwa. Alivutwa na Bosi kwa mguu mmoja na mtu wa usafi kwa mwingine, akatoka kama godoro linalotoka kwenye mfuko mwembamba, shati likabaki juu ya kitovu. Alijipangusa magoti. Aliwahi kuwatoa maharusi ukumbini kwa vigelegele, sasa yeye katolewa kwa miguu.

"Kaa," Bosi akasema. Mtu wa usafi akaondoka akiuma mdomo asicheke.

Juu ya meza palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ile barua ya kuthibitishwa kazini, imepigwa muhuri, imebaki sahihi tu. Ya pili ilikuwa imejaa nyuso.

Nyuso hizi ni za kimashine cha langoni, kilichokuja pamoja na mfumo. Kila asubuhi mfanyakazi anagusisha kadi yake, na kimashine kinamuuliza: Leo unajisikiaje kazini? Hapo ana nyuso tatu za kuchagua. Mmoja unacheka, mmoja umetulia, mmoja unalia. Anabonyeza, anaingia.

"Tangu tumefunga mfumo huu," Bosi alisema, "kiwanda changu kinacheka. Wote, kila siku. Nimewaonyesha wenye hisa. Nimemwonyesha hata daktari wangu wa presha."

"Hongera, Bosi."

"Usinipongeze. Tazama wiki hii."

Akatazama. Kutoka juu hadi chini, idara kwa idara bila jina hata moja, zilikuwa nyuso zinazolia.

"Wakataji wanalia," Bosi akasema. "Stoo wanalia. Chumba cha maagizo wanalia. Usafiri kuna dereva mmoja tu, yuko likizo kwao, naye analia! Umewafanya nini wafanyakazi wangu?"

"Mimi, Bosi? Mimi nawafundisha tu."

"Basi ndilo jibu lenyewe." Akaivuta ile barua upande wake. "Saa tisa alasiri nataka kujua kwa nini wanalia. Na saa tisa hiyohiyo kuna mtihani wa kompyuta. Nimemwita yule dada mliyesailiwa naye. Mtakaa ninyi wawili, kila mtu na mashine yake. Mara ya kwanza niliajiri mdomo. Leo naajiri vidole."

Mtaalamu alitoka mle ofisini kijasho chembamba kikimtiririka, na kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi vizuri kabisa.

Alisimama koridoni akajisemesha. "Haya, Mtaalamu. Mwenye mifumo yote, iliyopo na itakayokuja. Umeisikia ya saa tisa?" Akajiona mlangoni kwake jioni, mikono mitupu, mama mkwe ameketi kwenye kiti kinachotazama mlango. Mama yule alikuwa na namna yake ya kusema "pole" iliyouma kuliko matusi.

Halafu, mara moja moja hata mtu kama yeye hufikiri, akagutuka.

Dereva yuko likizo. Yuko kwao, mbali. Amefikaje langoni kulia?

Aliteremka ngazi mbili mbili mpaka kibanda cha mlinzi. Mlinzi, ambaye kila mtu anamwita Afande, alikuwa ameketi kwenye ndoo aliyoigeuza, amejifunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, shavu moja limeumuka.

"Habari za leo, Afande?"

"Mbaya."

"Pole. Hebu nisaidie. Asubuhi nani huwa anabonyeza hizi nyuso?"

"Mimi."

"Wa kwako, najua. Za wengine?"

"Zote, mkuu."

Mtaalamu akainama kumtazama vizuri. "Zote? Za kiwanda kizima?"

Afande alinyanyua kifuniko cha sanduku la bati. Ndani zilikuwa zimepangwa kadi za wafanyakazi wote, ya dereva ikiwemo, safi kama karata.

"Mlipofunga hii mashine foleni ilikuwa inafika barabarani," alisema, akiongea kwa upande mmoja wa mdomo. "Huyu kasahau kadi, yule anauliza uso uliotulia maana yake nini. Wakichelewa, mfumo unawakata siku. Wakaona waniachie kadi. Nikishafungua lango nazipitisha zote, wakija wanaingia tu. Imekuwa kosa?"

"Na kwa nini wiki hii unabonyeza unaolia?"

Afande alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Si jino, mkuu! Mashine inaniuliza leo unajisikiaje. Sasa niidanganye?"

"Na zamani ulikuwa unabonyeza unaocheka?"

"Zamani jino lilikuwa zima."

Basi ndiyo hiyo, wasomaji. Furaha ya kiwanda kizima, iliyoonyeshwa kwa wenye hisa na kwa daktari wa presha, ilikuwa inakaa kwenye gego la mlinzi. Mtaalamu alitaka kucheka akashindwa, kwa sababu msimamizi wa kimashine kile alikuwa nani kama si yeye? Alikipita kila asubuhi. Na kadi yake mwenyewe ilikuwa mle sandukuni, ya kwanza kabisa.

Jibu alikuwa nalo sasa. Angepanda ngazi, angemwambia Bosi, barua ingesainiwa. Afande angekuwa nje ya lango alilolilinda, na jino lake bovu, kabla ya chakula cha mchana.

"Mkuu," Afande akasema polepole. "Utasema?"

Alimwonea huruma mzee yule, halafu akajionea huruma mwenyewe, maana hawakuwa mbali. Maisha yake yote yeye Mtaalamu alikuwa anawabonyezea watu uso unaocheka. Bwana harusi kanuna, bibi harusi kachoka, wakwe hawasemeshani, na yeye na kipaza sauti chake: "Jamani, furaha iliyoje!" Tofauti ni kwamba Afande, jino lilipouma, alisema ukweli.

"Sisemi," akajibu. "Nipe hiyo mashine. Na ondoka sasa hivi uende ukaling'oe hilo jino, nitakushikia lango mimi."

"Unajua kushika lango?"

"Naimudu milango yote," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Kompyuta hakuijua, hilo tukubaliane. Kitabu cha maelezo ya mfumo alikuwa nacho, alikitumia kuegesha dirisha lililovunjika komeo. Lakini kukusanya watu alijua. Alimpigia Bosi simu akaomba nafasi: wafanyakazi wote wabonyeze upya mchana huo, mmoja mmoja, kwa mkono wake mwenyewe, ili ijulikane watu wanalia kwa lipi. Bosi alisema fanya, na saa tisa ipo palepale.

Kabla ya saa saba lango lilikuwa limetiwa kufuli, kila mtu amechukua kadi yake kwenye sanduku la Afande, na wote walikuwa ukumbi wa kukatia sponji. Kimashine kiliwekwa juu ya bonge la sponji, kikawa kinazama na kuyumba kila kikiguswa. Vumbi jeupe la sponji limetanda hewani, wakataji nyusi nyeupe kama wazee. Mtaalamu akashika kipaza sauti. Mabega yakamnyooka yenyewe.

"Ndugu zangu! Leo hakuna kubonyezewa. Leo kila mtu na moyo wake!"

Wakashangilia, kisha hakuna aliyesogea.

Akanyoosha mkono Bi Kalamu, mkuu wa chumba cha maagizo. Mama huyu aliitwa hivyo kwa sababu tangu mfumo uje aliweka kalamu sikioni na akakataa kuitoa. Agizo la godoro likija alikuwa analiandika kwanza nyuma ya kipande cha boksi, watu wanakata, wanashona, godoro linaondoka. Baada ya hapo ndipo anakaa kulichapa kwenye kompyuta, ili mfumo nao usijisikie vibaya.

"Mwanangu," alisema Bi Kalamu, "naomba kuuliza. Hapa si tunaanza na kadi? Na kadi si ina jina langu? Sasa nikilia, si itaandikwa kwamba Bi Kalamu kalia?"

Watu wote wakageuka kumtazama Mtaalamu.

Mtaalamu hakujua. Hakuna aliyemwambia, na aliyetaka kumwambia ni kile kitabu kilichokuwa dirishani. Angeweza kusema, "Mama, ngoja niangalie." Lakini alikuwa ameshika kipaza sauti, na watu walikuwa wanamtazama, na mdomo wake ni mdomo wa aina ile.

"Mama yangu," akasema, akishusha sauti kama alivyokuwa akiita keki harusini, "kadi ni ya mahudhurio. Uso ni wa moyo. Mahudhurio na moyo havikutani popote pale! Nakuahidi mimi, mbele ya kadamnasi hii!"

Vigelegele. Mtu wa stoo akapiga mluzi. Kama ingekuwa harusi angetuzwa.

Mstari ukaanza kwenda. Na kila aliyepita, akishalia, akawa anapunguza mzigo mdomoni.

"Vidole vyetu vina vumbi," akasema mkataji mmoja. "Skrini haituoni. Unagusa, unagusa, mpaka unaitukana, na ukiitukana ndiyo inafunguka kitu kingine."

"Sisi stoo," akasema mwingine, "tunahesabu godoro kwenye mfumo, halafu tunahesabu kwenye daftari kwa sababu mfumo hatuuamini, halafu tunahesabu tena kwa sababu hesabu mbili hazilingani. Zamani tulihesabu mara moja tukarudi nyumbani."

Mtaalamu alisikiliza, masikio yakiwaka. Kila walichokilalamikia alikuwa amekisikia wakati wa mafunzo, na kila mara alijibu kwa mzaha, wakacheka, wakarudi kwenye mashine zilezile. Alidhani kucheka kwao ndiyo kazi yake imekamilika.

Zamu ya Bi Kalamu ikafika, karibu mwisho wa mstari. Alihakikisha waliotangulia wamesogea pembeni wasione kidole chake.

"Mimi nikiinuka kuchukua futi ya kupimia," alisema, "nikirudi imenitoa. Inataka neno la siri upya. Neno lenyewe liwe na herufi kubwa, liwe na namba, liwe na alama ya mshangao. Mimi hapa ndiye ninayeshangaa!" Akagusisha kadi, akabonyeza uso unaolia kwa nguvu mpaka kimashine kikazama sponjini. "Haya. Roho yangu nyeupe."

Nyuma yake mstarini alibaki mmoja tu. Mtaalamu mwenyewe.

Kadi yake? Ilikuwa bado kule sandukuni, kwa Afande. Akapapasa mifuko, akakumbuka. Aa, si ni ya mahudhurio tu? Na kuhudhuria amehudhuria, kitambi chake kinaonekana na ukumbi mzima. Akanyoosha mkono kwenye kimashine, palepale Bi Kalamu alipoondoka.

Alidhamiria kulia, na haki ya kulia alikuwa nayo. Lakini mtu mmoja akapaza sauti, "Mtaalamu naye!" watu wakapiga makofi, na kidole chake, kilichozoea ukumbi, kikaenda chenyewe kwenye uso unaocheka.

Kimashine kilikuwa kikilia *ti* kwa kila mtu. Kwake kililia *ti-ti*. Hakujali.

Saa tisa.

Chumba kilikuwa kilekile cha usaili, na saa ya ukutani ileile iliyopitwa na wakati. Meza mbili, kompyuta mbili. Kwenye moja alikuwa amekaa yule dada wa "ningewaonyesha", mikono mapajani. Mtaalamu akaketi kando yake. Akatafuta la kusema, akapata nusu.

"Dada yangu, za siku?"

"Nzuri." Akaegemea kidogo, akanong'ona bila kumtazama. "Leo umeme upo, kaka."

Mtaalamu akatazama taa ya dari, ilikuwa inawaka.

Bosi akaingia na barua mkononi, amevaa miwani, amefungua kalamu yake ya wino. Hakukaa.

"Matokeo yamenifikia. Watu wote wamelia." Akawatazama mmoja mmoja. "Wote, isipokuwa mmoja."

Mtaalamu akakivuta kiti chake karibu.

"Nimekaa nikafikiri," Bosi akaendelea. "Hawa wanaolia, wanalia kwa sababu mfumo hawauelewi. Sawa? Basi huyu mmoja anayecheka ndiye anayeuelewa. Watu wote wamekwama, yeye anacheka! Huyo ndiye mkuu wangu wa mfumo. Barua hii ni yake. Kwa hiyo mtihani una swali moja tu: nani kati yenu anaweza kunionyesha jina lake?"

"Haiwezekani, Bosi," Mtaalamu aliruka. "Uso hauna jina. Ni siri. Nimewaahidi watu mbele ya..."

"Uso una jina," yule dada akasema.

Alisema taratibu sana, kama anayeomba radhi. "Kila uso umeandikwa kwenye kadi yake. Nani, na saa ngapi. Upo ukurasa wake."

"Fungua," Bosi akasema.

Vidole vya yule dada vikaanza kutembea kwenye kibodi, havina haraka, havina shaka. Mtaalamu alivitazama. Kumbe kadi na moyo vinakutana, tena ukurasa mmoja! Wakataji wote. Stoo wote. Bi Kalamu, aliyeuliza mbele ya kila mtu, akajibiwa na yeye, akaamini. Aliona aibu, aibu hasa, ile inayoanzia kisogoni.

Halafu akili ikamrudia kwa kishindo. Ngoja kwanza. Huyo mmoja anayecheka ni nani?

Si ni yeye mwenyewe!

Hapa ndipo ninapompenda bwana huyu, pamoja na upuuzi wake wote. Kwanza aliwaza siri ya wenzake: akijitaja, ukurasa hauna haja ya kufunguliwa. Lililofuata ni barua. Barua ilifuata haraka sana, sitawaficha.

"Bosi, usifungue!" Akasimama, kiti kikaanguka. "Hakuna haja! Anayecheka ni mimi!"

Bosi akamgeukia. "Wewe?"

"Mimi, Bosi. Nilibonyeza kwa kidole hiki hapa. Ukumbi mzima uliona."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Unyenyekevu, Bosi."

Taratibu uso wa Bosi ukalainika, akaweka barua mezani, akainama na kalamu yake. Mtaalamu akaiona ncha inagusa karatasi. Akamwona mama mkwe anainuka kutoka kile kiti, anamwita kwa jina lake alilopewa na wazazi wake.

"Samahani," yule dada akasema. "Si yeye."

Kalamu ikasimama.

"Nilikuwa nimeshafungua," akaeleza. "Kaka hapa hayumo kabisa. Mchana wa leo hakuna kadi yake. Kwa mfumo, hajabonyeza chochote."

"Nimebonyeza!" Mtaalamu akafoka. "Haki ya Mungu, nimebonyeza!"

Na alikuwa amebonyeza, wasomaji, mnajua na mimi najua. Kwa mara ya kwanza tangu aingie kiwandani humo alikuwa amesema ukweli mtupu, usiotiwa chumvi, na ndiyo saa hiyo hiyo Bosi alipomtazama kama mtu anayetazama mwongo aliyekamatwa na kitu mkononi.

"Anayecheka ni nani?" Bosi akauliza, bila kumwondolea macho.

Yule dada akaigeuza skrini. Orodha ndefu ya majina, kila jina na uso wake unaolia. Katikati, peke yake, unacheka uso mmoja. Pembeni yake jina la mkuu wa chumba cha maagizo.

"Bi Kalamu?" Bosi akavua miwani. "Yule wa kalamu sikioni?"

"Ila Bosi, kuna kitu," yule dada akaanza. "Hapa inaonyesha kwa kadi yake ilibonyezwa mara mbili, jibu likabadili..."

"Hakuna kuongea!" Bosi akakata. "Si nilisema leo ni vidole tu? Umefaulu, utakuwa msaidizi wake. Mwiteni."

Yule dada akafunga mdomo. Mtaalamu naye akafungua wake, na kwa ajabu ya siku ile hakikutoka kitu.

Bi Kalamu aliitwa, akaingia akijipangusa vumbi, kipande cha boksi kwapani, kalamu mahali pake. Bosi akamlaki mlangoni kwa mikono miwili.

"Hongera sana, mama! Kati ya watu wote ni wewe peke yako uliyeuelewa. Kuanzia leo mfumo wote uko mikononi mwako!"

Bi Kalamu alimtazama Bosi. Akaitazama skrini, jina kwa jina, uso kwa uso: wakataji, stoo, wasichana wa chumba chake mwenyewe, kila mmoja na kilio chake wazi mbele ya mwenye mamlaka ya kumfukuza. Akalifikia la kwake, linacheka. Kisha akamgeukia Mtaalamu, akaichomoa ile kalamu sikioni ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiitoa.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "si ulisema havikutani?"